Suruali ya Kupimia Kilo

Mwanangu Achieng,

Umeenda kusukwa nywele kwa Mama Rose, na jinsi ninavyomjua Mama Rose na mdomo wake, hutarudi kabla ya saa kumi na moja. Mwanao Hawi amelala hapa kando yangu. Nina kalamu yako ya bluu na daftari lako la shule ambalo hukulimaliza. Kesho asubuhi unaenda Kisii kwa mume wako, na barua hii nitakupa mkononi ukiwa umeshaketi kwenye gari, maana nikikupa hapa nyumbani utaniuliza maswali, nami nitaanza tena kudanganya.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa wala namna ya kuishi na majirani. Hayo unayajua. Nataka kukujibu lile swali uliloniuliza wiki tatu zilizopita.

Ulikuwa umesimama mbele ya picha yangu pale sebuleni, ile ya gauni la kijani nikiwa nimekupakata. Umeipenda picha hiyo tangu utotoni. Ukavuta fulana ikakubana tumboni, ukasema, "Mama, hapa nilikuwa na miezi mingapi?" Nikakwambia miezi minne, kama Hawi sasa. "Yawa! Miezi minne na kiuno kimerudi hivyo? Nipe siri, Mama. Si unaona venye nimejaa." Nikacheka. Nikasema ni damu tu, watu wa kwetu hawanenepi. Uongo mtupu. Mama yangu mzazi alikuwa mnene mpaka siku ya kuzikwa, na alinyonyesha watoto wanane bila kumwomba mtu radhi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikuangalia. Nimeona sahani yako ikirudi jikoni na samaki mzima. Nimeona pakiti ya ile chai ya kupunguza tumbo ndani ya begi lako, chini ya nepi. Nimesikia mlango wa choo ukifunguliwa mara ngapi kwa siku. Na mchana huu, kabla ya kuondoka, umekaa nusu saa nzima ukikamua maziwa ya kumwachia mtoto, ukaniachia kikombe ambacho hakijafika hata nusu. Ukasema, "Leo yamekataa tu." Mimi nilinyamaza. Mimi ni bingwa wa kunyamaza, kama utakavyoona.

Tena nilimsikia mume wako mwezi uliopita alipokuja kuwaona. "Mama Hawi, siku hizi boda itakubeba wewe peke yako." Ulicheka. Mimi nilikuwa naosha vikombe, na nilitamani kumrushia kimoja. Baba yako naye alikuwa na utani kama huo, tena nami nilikuwa nacheka.

Sasa siri yenyewe.

Unajua nilikuwa nauza magauni ya mitumba sokoni Kibuye, lakini hujui nilivyokuwa nauza. Wengine walitandika nguo chini wakaita watu. Mimi nilikuwa navaa. Tukifungua mzigo, nachagua gauni zuri kuliko yote, lile la daraja la kwanza tunaloita kamera, nalivaa juu ya suruali yangu na kusimama. Mwanamke anapita, ananiona, analitaka lile lile lililo mwilini mwangu. Navua, namfungia, navaa lingine. Jumapili nzuri nilikuwa navua na kuvaa mpaka jua linatua. Sikuhitaji kupiga kelele. Mwili wangu ndio uliokuwa unauza, na nilijivuna nao, sitakuficha.

Nilikuzaa nyumbani kwa baba yako, upande wa Seme, pale bomani karibu na ziwa. Dani wako, mama mkwe wangu, alinitunza kama yai. Asubuhi uji wa wimbi kibuyu kizima, mchana supu ya samaki ngege, jioni mboga ya osuga na ugali. "Kula, nyathina, mwanangu," alikuwa akiniambia. "Huyu anakula kwako, hana shamba lingine." Nikala. Nikanenepa, na wewe ukanenepa, mashavu yakajaa.

Ulipofika wiki sita nikarudi Kibuye Jumapili moja. Tulifungua mzigo, na juu kabisa kulikuwa na gauni la kijani. Nikalivaa. Zipu ikafika katikati ya mgongo ikagoma. Jirani yangu wa pale sokoni, Mama Vero, akaja kunivutia, akavuta, akavuta, kisha akapiga kofi mgongoni kwangu akasema kwa sauti, "Min Achieng, wacha, utaipasua bwana! Huu mwili sasa ni wa kuuza mapazia." Wanawake wa safu nzima wakacheka. Na mimi nikacheka nao. Lakini lile gauni sikuliuza. Nililikunja, nikalificha chini ya gunia, nikaapa kwamba litapanda.

Kuanzia kesho yake niliacha kula. Asubuhi chai ya rangi bila sukari. Saa sita maji ya moto na limau. Jioni nakata matonge mawili mbele ya Dani ili asiulize, halafu nasema nimeshiba. Leso niliifunga tumboni mpaka pumzi ikawa fupi. Uji wa Dani nilikuwa naupokea kwa mikono miwili na "asante Mama", kisha naenda nao nyuma ya ghala na kuwamwagia kuku. Kuku wa boma lile hawajawahi kunenepa kama mwaka ule.

Mtu mmoja aliniona. Adhiambo. Jina hilo unalijua vibaya, kwa hiyo nikueleze upya. Alikuwa mke wa baba yako mdogo, mwenye mtoto wa mwaka mmoja aliyekuwa bado ananyonya. Msichana mpole, mcheshi, mwenye kifua cha kutosha watoto watatu. Siku za soko nilikuwa nakuacha kwake. Asubuhi moja alikuja kuokota mayai, akanikuta na kibuyu kimeinama. Akanitazama, akawatazama kuku, akasema tu, "Mama Achi, si utaanguka?" Nikamwambia uji ule ulikuwa umeungua. Hakumwambia mtu.

Maziwa yakaanza kupungua. Ulikuwa unavuta, unaacha, unalia, unavuta tena. Nikasema ni tumbo linakusumbua. Nikasema ni meno, na wewe ulikuwa na miezi mitatu. Huku nyuma, kila nilipopima lile gauni, zipu ilikuwa imepanda kidogo.

Kila mwezi muuguzi alikuja kanisani kupima watoto. Mizani ya kuning'inia ilifungwa kwenye boriti, na kila mama alikuja na suruali yake ya kupimia, ile yenye matundu mawili ya miguu na kamba za kumwinua mtoto kwenye ndoano. Yako nilikushonea mwenyewe kutokana na jinzi kuukuu, pindo pana kiunoni. Ilikuwa nzuri kuliko zote. Sasa, mwezi wa tatu ulipokaribia, nilikuinua asubuhi na mikono yangu ikaniambia. Mama hahitaji mizani, Achieng. Nilijua hujaongeza kitu. Nilijua muuguzi ataniuliza ninakula nini, mbele ya wanawake wote, mbele ya Dani.

Nyuma ya nyumba ya Dani kulikuwa na wavu wa zamani wa marehemu babu yako. Unajua vile vipande vya risasi ambavyo wavuvi hufunga chini ya wavu ili uzame. Nilikata vitano. Nikafumua pindo la suruali yako, nikavipanga ndani kuzunguka kiuno, nikashona tena kwa uzi wa rangi ile ile.

Muuguzi alikuning'iniza, mshale ukasimama pazuri, akaweka alama kwenye kadi. "Mama Achieng, huyu anapanda vizuri. Endelea hivyo hivyo." Wanawake wakapiga makofi, maana ndiyo ilikuwa desturi mtoto akipanda. Nikakushusha nikiwa natabasamu. Mwezi wa nne niliongeza vitatu.

Nimeandika sentensi hiyo na imebidi nisimame niende dirishani. Nilikuwa nakupunguza wewe na kuongeza risasi. Nilijua. Hakuna aliyenishauri vibaya, hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa mwanamke mwenye akili timamu, mwenye sindano na uzi.

Mwezi huo huo zipu ilipanda. Nitakwambia na hili, kwa sababu ukisoma barua ya toba tupu hutaniamini: nilifurahi. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo. Nilikwenda Kibuye na gauni mwilini na wewe mkononi, nikamwita mpiga picha, nikasimama kwa upande ili kiuno kionekane. Ndiyo hiyo picha unayoipenda. Umewahi kujiuliza kwa nini nimekuzungushia shali mpaka kidevuni, na siku ile jua lilikuwa kali mpaka lami inanata? Shingo yako ilikuwa imekuwa nyembamba. Sikutaka ionekane.

Lile gauni nililiuza siku hiyo hiyo. Mwanamke mmoja alipita akalitaka. Nilikaa nalo mwilini labda saa tatu.

Alhamisi iliyofuata nilirudi mapema kutoka sokoni. Nilifika mlangoni kwa Adhiambo nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa wiki nyingi. Ulikuwa unameza. Umeshika ziwa lake kwa mikono yote miwili, macho umeyafumba, unameza kwa sauti. Mwanawe alikuwa chini analilia zamu yake, na yeye anamwambia mos, ngoja mwenzako kidogo.

Akaniona, akashtuka. "Alikuwa analia sana, Mama Achi. Nimempatia tu kidogo. Usikasirike."

Mtu mwenye shukrani angepiga magoti. Mimi nilikunyakua kutoka kifuani pake ukiwa bado una maziwa mdomoni. Nilimwambia asikuguse tena, nikamwambia maneno mengine ambayo sitayaandika karibu na mtoto aliyelala. Wivu ulinishika, Achieng. Kwamba yeye anayo, mimi sina, na kila mtu ataona. Kuanzia siku hiyo nilikuacha kwa Dani na chupa ya chai ya maziwa. Ndipo ulipoanguka kweli.

Juma lililofuata Dani alikwenda msibani kwao, siku tatu. Mvua ikaja. Unajua mila ya boma letu: mama mwenye boma ndiye hupanda kwanza, kisha mke wa mkubwa, kisha mke wa mdogo. Majirani wote walikuwa shambani, udongo umelainika vizuri, na Adhiambo hakuweza kuvumilia. Alipanda mistari miwili ya mahindi nyuma ya nyumba yake. Miwili tu. Dani aliporudi aliikuta na akanung'unika, lakini haikuwa vita.

Kisha ikafika siku ya mizani, mwezi wa tano. Alikuja muuguzi mwingine, amebeba suruali zake mwenyewe kutoka kliniki. Akasema za nyumbani hazitakiwi tena. Nilitaka kurudi nyumbani, lakini Dani alikuwa kando yangu. Wakakuning'iniza. Muuguzi akaangalia mshale, akaangalia kadi, akagonga mizani kwa kidole akidhani imeharibika.

Unaelewa kadi ilivyoonekana? Mstari unapanda, unapanda, kisha unatumbukia. Mtoto aliyekuwa akinawiri amekonda ndani ya mwezi mmoja. Na ndani ya mwezi huo huo mtu amepanda kabla ya mama mkwe wake. Dani hakusoma shule, lakini kadi ile aliielewa haraka kuliko muuguzi. "Chira," alisema tukiwa njiani. Sikuhitaji kuelezwa. Ni yale maradhi ya kukonda yanayomshika mtoto wa boma mtu mzima anapovunja mwiko. Mimi ndiye niliyemshonea Dani ushahidi wake, kwa uzi wa rangi ile ile.

Walikaa jioni nyumbani kwa Dani. Baba yako, ndugu yake, na baba yao mkubwa. Adhiambo aliketi chini, mwanawe mapajani.

"Ulipanda ama hukupanda?" baba mkubwa akauliza.

"Nilipanda, Baba. Mvua ilikuwa imekuja. Mistari miwili tu."

"Mama yako alikuwa amekufa ndio usimngoje?"

"Hapana, Baba."

Mzee akanigeukia. "Na wewe, min nyathi, mama wa mtoto? Kuna kitu unajua?"

Adhiambo akaniinulia macho. Alijua habari ya uji. Alijua kifua changu kimekauka. Angeweza kusema yote, na alikuwa na haki. Hakusema. Alikuwa ananingoja mimi niseme, kwa sababu aliamini kabisa kwamba nitasema. Umewahi kuona mtu akikuamini namna hiyo? Mimi nimeona mara moja.

Nikasema, "Mimi sijui."

Aliondoka asubuhi, mtoto mgongoni, beseni kichwani, akarudi kwao Sondu. Baba yako mdogo hakumsindikiza hata barabarani. Mahindi yalikuwa yameota, urefu wa kidole, na Dani akayang'oa kwa mkono wake.

Siku mbili baadaye ulikataa hata chai, tukakimbia nawe hospitali. Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima, alikupokea, akakulaza, halafu badala ya kuniuliza habari zako akaniangalia mimi kuanzia juu mpaka chini. "Wewe umekula nini leo?" Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo isipokuwa Adhiambo kwa njia yake. Nililia mpaka kamasi. Akaniletea uji, akasimama palepale nikaumaliza. "Ukinyonyesha na kula vizuri, mwili utarudi pole pole wenyewe," akasema. "Labda mwaka, labda zaidi. Ukiukimbiza kwa njaa, anayeumia ni huyu." Nilikula wiki mbili mfululizo kama mtu aliyetoka jela, kila saa mbili wakikuweka kwenye ziwa, na maziwa yakarudi, kwanza matone, kisha ukaanza kumeza.

Ulipona kwa sababu nilikula. Watu wakasema umepona kwa sababu Adhiambo ameondoka. Dani alisimama kanisani akamshukuru Mungu aliyesafisha boma lake, na mimi nikaitikia Amina. Alikufa akiamini hivyo. Baba yako mdogo alioa mwingine. Wewe umekua ukisikia habari za yule mwanamke mkaidi aliyekaribia kukuua kwa mistari miwili ya mahindi, na siku moja, ulikuwa darasa la sita, ulimwigiza jikoni, umebeba beseni kichwani, wenzako wakacheka. Nilikuwa pale. Nilikuwa nachambua mboga.

Baba yako hajui lolote katika haya. Kesho ukishaondoka nitamwambia. Akitaka kunifukuza, anajua njia, walishawahi kuitumia.

Nimemwona Adhiambo mara moja tangu hapo. Gari lilisimama Sondu siku ya soko, na yeye alikuwa pale pale kando ya barabara anauza maharagwe. Amekuwa mnene. Alikuwa anacheka na mteja mpaka mabega yanatikisika. Mimi nikajifanya natafuta kitu sakafuni mpaka gari likaondoka.

Hawi ameamka. Nimempa ile nusu kikombe kwa kijiko, ameimaliza, na sasa ananyonya kidole changu huku akinitazama. Nimemwinua mara mbili. Mikono yangu haijasahau kazi yake, Achieng, na sitaki kukuandikia inasema nini.

Sikukatazi kuutaka mwili wako. Na mimi niliutaka wangu, na bado wakati mwingine nikiona zipu nasikia kitu kinanichoma. Wewe ni mtu mzima. Ile chai sikuitupa. Iko palepale chini ya nepi. Lakini juu yake nimeweka suruali yako ya kupimia kilo. Nimeihifadhi miaka yote hii chini ya godoro, na pindo sijawahi kulifumua. Vipande vinane vingali ndani. Ukiitafuta chai utaigusa hiyo kwanza.

Gari litapita Sondu kesho, na kesho ni siku ya soko. Mwambie dereva akushushe, kuna magari mengi ya kwenda Kisii. Muulize mtu yeyote Adhiambo wa maharagwe. Sikutumi uniombee msamaha. Huo nitaufuata mwenyewe kwa miguu yangu, safari hii bila kutazama sakafu. Mwambie tu kwamba wewe ndiye Achieng, na umpe Hawi ambebe.

Atakuuliza kama umekula. Mjibu ukweli.

Mama yako